Mafuta ya Breki: Soma Namba ya Pili

Kazi yangu ni kuandika programu, si kufungua magurudumu. Lakini ukishajulikana mtaani kuwa mtu wa tarakilishi, watu huamini unajua kila kitu chenye waya, na hata visivyo na waya. Siku hizi swali ninaloulizwa ni hili: "Nimeona mafuta ya breki ya magari ya mbio. Niyaweke kwenye Fielder yangu?" Jibu langu ni hapana, na sababu zenyewe zimeandikwa kwenye chupa, ila hakuna anayezisoma.

Tuanze na kazi ya mafuta haya. Ukikanyaga breki, mguu wako husukuma mafuta, mafuta husukuma pistoni, nayo pistoni hubana pedi kwenye diski. Mambo haya huwezekana kwa sababu kimiminika hakibonyei. Mvuke hubonyea. Mafuta yakichemka, viputo vya mvuke hutokea, na pedali huzama hadi sakafuni huku gari likiendelea na safari yake.

Joto hilo latoka wapi? Piga hesabu. Gari la kilo 1,400 likiteremka kimo cha mita 400 hutoa nishati ya jouli milioni 5.5 hivi. Hiyo yatosha kuchemsha lita 16 za maji ya bomba. Sasa wewe unateremka kuelekea Mai Mahiu, watoto wamelala kiti cha nyuma, na umeweka gia ya N eti unaokoa petroli. Injini haikusaidii kushika gari, kwa hivyo sehemu kubwa ya joto hilo inaziangukia breki.

Basi tugeukie namba. Viwango vya DOT vilitungwa na Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, na kila kiwango kina namba mbili. Ya kwanza ni joto la kuchemka mafuta yakiwa mapya. Ya pili ni joto la kuchemka yakishanyonya maji hadi asilimia 3.7. DOT 3 ni angalau nyuzi 205 na 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta haya ni ya jamii ya glikoli, na glikoli hupenda maji kama mlevi apendavyo chang'aa. Huyanyonya polepole kutoka hewani, hata kupitia mipira ya breki.

Muuzaji hukuonyesha namba ya kwanza. Ni mchezo ule ule wa wauza tarakilishi: wanakupa kasi iliyopimwa kwenye mashine mpya isiyo na kitu ndani, kisha wewe unaipeleka ofisini kubeba mizigo ya watu hamsini. Chukua mfano wa Motul RBF 660, mafuta ya mbio yanayosifika. Yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 325. Yakishanyonya maji, 204. Kwa hivyo DOT 4 ya kawaida, iliyofunguliwa leo, ina uvumilivu kuliko mafuta ya mbio yaliyochakaa ndani ya gari lako. Timu za mbio haziponzwi na jambo hili kwa kuwa hubadilisha mafuta mara kwa mara. Wewe je, ulibadilisha lini?

Swali hilo lina uzito hasa kwetu. Sheria ya Kenya huruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8. Gari limezunguka Japani miaka saba, likavuka bahari, likakaa bandarini Mombasa kwenye hewa yenye unyevu, kisha likauzwa likiwa limeng'arishwa kama sahani ya arusi. Oili ya injini utabadilisha wiki hiyo hiyo. Mafuta ya breki hakuna anayeyataja, na huenda yamo humo tangu enzi za mwenye gari wa kwanza.

Jambo la pili linalonikera ni majina. Sisi waandishi wa programu tunajua kwamba toleo la 5.1 ni toleo la 5 lililorekebishwa kidogo. Kwenye breki, la hasha! DOT 5 ni silikoni, na kwa kawaida hutiwa rangi ya zambarau. DOT 5.1 ni glikoli, ndugu wa DOT 3 na DOT 4, na huchanganyika nazo. Silikoni na glikoli hazichanganyiki kamwe. Isitoshe, silikoni hainyonyi maji, kwa hivyo maji yakiingia hukusanyika bondeni mwa mfumo, huko huko karibu na magurudumu, na kuchemka kwenye nyuzi 100. Pia hushika viputo vya hewa, ndiyo maana haifai kwa magari yenye ABS. Aliyechagua majina haya angekuwa kwenye timu yangu, ningemnyima ruhusa ya kutoa matoleo.

Najua kuna atakayesema kwamba mafuta ghali hayawezi kudhuru. Mafuta hayadhuru, kinachodhuru ni imani. Mtu akilipia chupa ya bei kubwa huamini amemaliza shughuli kwa miaka mitano.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu. Fungua kitabu cha gari au soma kifuniko cha chombo cha mafuta ya breki, uone kiwango kinachotakiwa. Likitaka DOT 3, DOT 4 inafaa. Ukibeba mizigo au ukipita miteremko mirefu kila wiki, weka DOT 5.1. Nunua chupa ndogo yenye lakiri, wala usikubali ile iliyokaa wazi kwenye rafu ya gereji. Badilisha yote kila miaka miwili, na mapema zaidi ukiishi Pwani. Fundi akitaka kujazia tu, mkatalie kwanza. Mara nyingi kiwango hushuka kwa sababu pedi zimelika, na kujazia huficha habari hiyo.

Zile pesa ulizotaka kununulia mafuta ya mbio mpe fundi, atoe mafuta ya zamani na hewa kwenye magurudumu yote manne, nawe ukiwa umesimama hapo ukitazama. Kisha kwenye mteremko, tia gia ndogo.