Awike Asiwike, Nywele Zitaota

Dada mmoja mkazi wa Hasamba anapitisha kitana, kinatoka na fungu zima la nywele. Msusi anasema ni maji ya kisima. Jirani anasema kuna mkono wa mtu. Wengine wameshaanza kunong'ona kuhusu ngoma, yaani VVU. Swali la maana halijaulizwa na yeyote: miezi miwili mitatu iliyopita uliumwa nini?

Homa kali hushtua mwili, iwe ya Uviko-19, ya dengue au mafua mazito. Malaria nayo haiko nyuma, wala kujifungua. Nywele nyingi zilizokuwa zikikua husimama kwa pamoja, kisha hupukutika kwa pamoja, wakati mgonjwa ameshapona na kurudi shambani kwenye kahawa yake. Kichwa chenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku; kwa huyu ni nyingi kuliko hizo, lakini mizizi iko hai. Kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya miezi sita, na nywele mpya hurefuka kama sentimita moja kwa mwezi.

Hapo ndipo muuza mafuta anapovuna. Umenunua kichupa Tunduma wakati nywele zinapukutika, zikianza kuota kichupa ndicho kinachosifiwa. Jogoo awike asiwike, kutakucha, na pesa ya kichupa ingenunua mayai na maharage.

Msusi naye aache kuficha upara kwa rasta za kubana na dawa ya kulainisha. Kuvuta kwa rasta hizo, hasa pembeni mwa paji, ndiko kunakoweza kuua mizizi moja kwa moja.

Kwa wahudumu wa afya tuna ombi dogo. Mgonjwa wa homa kali anaporuhusiwa, aambiwe: "Mama, baada ya miezi miwili hivi nywele zinaweza kupukutika. Usiogope, zitarudi." Hilo halihitaji semina wala bajeti kutoka mkoani Vwawa. Msituambie foleni ni ndefu; huyo asiyeambiwa atarudi kuirefusha, kilemba mkononi.

Zikitoka kwa mabaka, ngozi ikiwa na magamba, au miezi sita ikipita bila nafuu, nenda zahanati, na wakikupa rufaa ifuate. Upimwe damu, uangaliwe tezi ya shingo. Pima na VVU, ni bure kwenye vituo vya serikali, na majibu ni yako, si ya jirani.