Rangi Isiyotoka Koponi

Aliyefika soko la Karatina hahitaji kusimuliwa rangi. Mapapai, ndizi, pasheni, maparachichi na matunda damu hupangwa mafungu mafungu, na maziwa hayako mbali. Mji huu si mgeni wa kulisha watu: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ulikuwa na kiwanda cha kukausha mboga za majeshi.

Basi nauliza: askari wa mbali walilishwa, je, mtoto wetu atokaye chuoni jioni ale nini? Sisi wa pwani twampa peremende na barafu za rangi, kisha twalalamikia meno. Rangi ile imetoka koponi. Ya papai imetoka mpapaini.

Kazi yenyewe si kubwa. Mtindi uchujwe kwa kitambaa safi mahali pa baridi hadi uwe mzito, utiwe asali kidogo na iliki. Matunda yaoshwe kabla ya kumenywa, yakatwe vipande vya kuchovya. Ndizi na parachichi zipakwe ndimu zisiwe nyeusi. Yakatwe saa ya kuliwa, kwani tunda lililokatwa likalala juani ni ugonjwa.

Watakaosema hiki ni chakula cha kizungu, la hasha! Mtindi, asali na iliki twavijua toka kale. Embe letu likikutana na maziwa ya bara, sahani moja imekusanya nchi. Futari ijayo, itangulie sahani hii kabla ya sambusa. Ukiona haya kumwandalia mgeni, mwandalie mtoto kwanza: itarudi tupu.