Salamu ya herufi tatu

Assalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.

Tumeiandika salamu hii kwa ukamilifu wake, ndugu msomaji, kwa kuwa ndiyo maudhui yetu ya wiki hii. Ukitazama jumbe za vijana wetu katika simu utaikuta imevaa sura nyingi: "slm", "aslkm", "a.a", "xlm". Jibu nalo huja "wslm", na mara nyingine haliji kwa maneno kabisa, bali kwa stika ya katuni anayepunga mkono.

Hatukusudii kuilaani lugha ya vijana. Kila kizazi kimekuwa na lugha yake ya rika. Wazee wetu wa pwani walipokuwa wadogo walizungumza kinyume, silabi ya mwisho ikatangulizwa mbele, "kitabu" kikawa "bukita" na "nyumba" ikawa "mbanyu", makusudi wakubwa wasifahamu. Nairobi wana Sheng yao, na Dar es Salaam haikosi msemo mpya kila mwezi. Wala si kweli kwamba yote haya ni uvivu. Anayedhani kijana huandika "xana" ili kubana nafasi na azihesabu herufi: ni nne, na "sana" nayo ina nne. Hakuna kilichookolewa. Herufi ile ni alama ya rika, inayomwambia mwenzake kuwa mimi ni wa kwenu. Maneno kama "cjui" na "2taonana" ndiyo yenye kufupisha kweli, nayo yalishamiri katika zama za ujumbe mfupi wa simu, ambapo ujumbe mmoja ulibeba herufi 160 tu na kila ujumbe ulikuwa na bei yake. Sababu hiyo imekwisha. Mazoea yamebaki.

Lakini mtoto aliyezungumza kinyume na wenzake uwanjani hakukizungumza na bibi yake. Alipoingia ndani aliiacha lugha ile mlangoni pamoja na viatu. Alimwona mkubwa kwa macho, sauti ikashuka, akaamkia. Simu haina mlango. Mama, rafiki, ustadhi wa madrasa na mtu asiyejulikana wa TikTok wote wanakaa ndani ya kioo kimoja, wamepangwa kwa kufuata nani ameandika mwisho. Kijana hutoka katika mzaha wa rafiki akaingia katika ujumbe wa ami yake kwa kugusa mara moja tu, na ulimi wake haukupata nafasi ya kubadilika. Hapa ndipo tunapoiona hasara. Kiswahili hakifi kwa herufi x. Kinachopungua ni ule ujuzi wa kutambua kwamba maneno yanayomfaa mwenzako hayamfai mzazi wa mwenzako.

Na salamu ya Kiislamu si neno la kufungulia mazungumzo tu. Ni dua. Anayeitoa anamwombea mwenzake amani, na rehema za Allah, na baraka zake. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, watu watatu walimwendea Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alitoa salamu fupi akaambiwa ana kumi. Wa pili akaongeza rehema, akaambiwa ana ishirini. Wa tatu akaongeza baraka, akaambiwa ana thelathini. Salamu hiyo ya thelathini, ukiiandika kwa herufi zetu, haifiki herufi 50. Hata katika zama za ujumbe wa herufi 160 ingetosha na nafasi ingebaki ya kuomba hela ya nauli. Sasa "slm" ni dua gani? Inamwombea nani nini?

Vijana si wa kwanza kukata. Waandishi wa zamani waliokuwa wakinakili vitabu kwa mkono, wakichoshwa na kurudia kumsalia Mtume kila anapotajwa, walianza kuandika herufi chache tu badala ya maneno kamili. Ibn as-Salaah, mwanachuoni mkubwa wa elimu ya hadithi aliyefariki mwaka 643 Hijria, aliwakataza wanafunzi wa hadithi jambo hilo. Kwa hiyo mjadala huu una umri wa karne nyingi, na wino na karatasi vilikuwa ghali kuliko bando.

Pwani yetu nayo ilikuwa na adabu yake ya kuandika. Barua za Kiswahili za kale, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, zilianza kwa kumtaja mwandikiwa kwa sifa za heshima, ikafuata salamu, ndipo mwandishi akasema "ama baad" na kuingia katika haja yake, hata kama haja yenyewe ilikuwa deni. Mkusanyiko wa maandishi ya namna hiyo ulichapishwa Berlin mwaka 1892 na Mjerumani C. G. Büttner. Hatusemi kijana aandike hivyo anapomuuliza mwenzake saa ya mpira. Lakini anapomwandikia baba mkwe?

Upo pia upande wa jibu. Aya ya 86 ya Surat An-Nisaa inatuamuru tunapoamkiwa tuitikie kwa maamkizi yaliyo bora zaidi, au angalau yanayolingana nayo. Imamu Nawawi, ambaye madhehebu yake ya Shafi ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani yetu, ameeleza katika Al-Adhkaar kuwa salamu iliyokuja kwa barua nayo ni wajibu kuijibu inapomfikia mtu. Kama kidole gumba cha manjano kinatosha kuwa jibu, swali hilo tunawaachia masheikh. Sisi tunaona tu kwamba hakilingani.

Mahali panapotuumiza zaidi ni katika misiba. Habari ya kifo inawekwa katika kundi la familia, na chini yake zinamiminika nyuso zinazolia, "pole xana", na herufi tatu za Kiingereza, RIP. Herufi hizo zimetokana na dua ya Kilatini ya makaburi ya Wakristo, na wao wana haki nayo. Kijana wa Kiislamu huiandika kwa sababu ndiyo aliyoiona kwa wasanii na wachezaji anaowafuatilia, si kwa kuwa ameiacha dini yake. Hajui kwamba anayo yake, iliyomo katika Surat Al-Baqara aya ya 156, aliyoihifadhi madrasa akiwa mdogo. Mjane anayezisoma jumbe zile usiku, nyumba ikiwa imetulia, anahitaji mtu amwombee marehemu wake kwa jina. Uso unaolia haumwombei.

Kuna maneno mengine ambayo hayakukatwa lakini yamekonda. "InshaAllah" imekuwa namna ya kukataa kwa upole. Kila anayealikwa huiandika na mwenye shughuli anajua kuwa hatamwona. "Wallahi" imekuwa kama nukta ya kumalizia sentensi chini ya kila picha. Kiapo cha mdomo kisichokusudiwa hakina adhabu, hilo limo katika Surat Al-Maida aya ya 89. Lakini aya hiyohiyo inaweka kafara ya kiapo kilichokusudiwa kikavunjwa: kulisha masikini 10, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku 3. Kijana anayeapa mara ishirini kwa siku atatambuaje alichokikusudia?

Haki itendeke: wazee nao wamo. Wapo wasiojibu salamu ya mtoto mpaka kesho yake, na wapo wanaosambaza alfajiri jumbe zenye hadithi isiyojulikana ilikotoka na amri ya kuituma kwa watu 10 kabla ya magharibi. Mtoto anajifunza hapo kwamba maneno ya dini ni kitu cha kusukuma mbele bila kusoma.

Na mkumbukeni bibi. Wapo bibi zetu waliosoma chuoni, wakajua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizi nyingine wakazisoma kwa tabu. Kwake yeye "xlm bb upo pw" si ujumbe. Atamwita jirani amsomee, na jirani naye atakwama. Mjukuu anayejua hivyo na abonyeze alama ya kipaza sauti, amwamkie kwa sauti yake, amsikie akiitikia marahaba.

Kwa wenye haraka, simu yenyewe ina dawa. Katika mipangilio, upande wa kibodi, kuna mahali pa kuhifadhi vifupisho. Andika hapo "slm", na mbele yake salamu kamili kwa tahajia unayoipenda. Tangu siku hiyo, kila ukiandika herufi hizo tatu simu itakuwekea au itakupendekezea salamu yote mpaka baraka. Fanya vivyo hivyo kwa jibu lake na kwa dua ya taazia. Ni kazi isiyozidi dakika tano, na mtoto wa miaka 12 ataweza kumfanyia mama yake leo baada ya isha.