Windows ya wizi inapoteza sauti za waliokimbia, na plagini si kisingizio

GOMA – Mama aliyekimbia Masisi anafika kwenye redio ya jamii kumtafuta mtoto aliyepotea njiani. Anataja jina, umri, kijiji, nguo alizovaa mtoto, na simu ya jirani. Fundi anarekodi. Nje jenereta inanguruma, juu mvua inapiga mabati. Jioni tangazo linapita hewani, na msikilizaji mwenye redio ndogo huko Minova anasikia jina nusu: ni Amani ama Imani? Kesho yake mama anarudi kuomba tangazo lipite tena, faili haipo. Flash ya mtu fulani imeleta virusi, na mafolda yote yamegeuka njia za mkato zisizofunguka.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa nusu siku katika studio ndogo za Kivu anajua mambo haya. Kisichosemwa ni sababu yake. Kompyuta nyingi za redio hizi zinatumia Windows ya kunakiliwa, iliyowekwa na kijana wa mtaani kwa dola chache, isiyopata masasisho, yenye antivirusi iliyokufa zamani. Tena tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, hata kwa wale walioilipia. Windows 11 nayo inadai chipu ya TPM 2.0, ambayo mashine nyingi kuukuu zinazofika huku kama msaada hazina.

Linux ipo, ni ya bure, na inakubali kukaa kwenye mashine hizo hizo. Virusi vya flash vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows havijianzishi ndani yake. Lakini wakuu wa redio wakiulizwa kwa nini hawahami, jibu ni lile lile: plagini zetu ni za Windows.

Kwa wasikilizaji wasioijua kazi hii: plagini ni kiprogramu kidogo kinachoingizwa ndani ya programu ya kuhariri sauti. Moja inapunguza mngurumo wa jenereta, nyingine inasawazisha sauti ya anayenong'ona na ya anayepiga kelele. Nyingi zinafuata mtindo wa VST, uliotolewa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani mwaka 1996. Plagini ya VST ya Windows ni faili ya Windows, na Linux haiwezi kuifungua moja kwa moja. Hapo wakuu wana haki. Wanakosea wanapoishia hapo.

Tangu 1993 kuna watu wanaotengeneza Wine, programu inayopokea maombi ya programu za Windows na kuyageuza kuwa maombi ya Linux. (Jina linamaanisha divai, lakini wachungaji wasiogope.) Mwaka 2020 ikatoka nyingine inayoitwa yabridge, iliyotengenezwa kwa ajili ya plagini za sauti hasa. Inaweka mbele ya programu ya kuhariri faili ndogo ya Linux, ambayo programu inaiona kama plagini ya kwao. Nyuma ya faili hiyo, ndani ya Wine, plagini halisi ya Windows inafanya kazi, na sauti inakwenda na kurudi kati yao katika kumbukumbu ya kompyuta. Fundi anaweka plagini kupitia Wine, anaionyesha yabridge folda yake kwa amri moja, anatoa amri ya pili ya kusawazisha, kisha anafungua Ardour ama Reaper na kuikuta kwenye orodha. Hata plagini za zamani za biti 32, ambazo mafundi wetu wanazishikilia kama urithi wa babu, zinapita.

Basi kisingizio kimebaki na nini? Kimebaki na sehemu moja ya kweli. Plagini za bei kubwa zinazolindwa kwa mfumo kama iLok mara nyingi zinakataa ndani ya Wine. Lakini ni redio gani ya jamii huku iliyonunua plagini ya dola mia mbili? Zilizomo kwenye kompyuta zao ni za kuvunjwa kufuli. Anayelia kwamba atapoteza plagini zake analilia mali ambayo haikuwa yake.

Na hapa jambo lisemwe wazi, kwa sababu vijana wanaopenda Linux wanalificha: Wine si ukuta. Faili ya wizi yenye virusi ikifunguliwa ndani ya Wine inaweza kusoma na kufuta faili za mtumiaji, zikiwemo rekodi za mama yule. Anayehamia Linux akibeba gunia lile lile la plagini za kuvunjwa amehama nyumba na panya wake. Daraja hili lina faida kwa plagini za halali tu, nazo zipo za bure. TDR Nova, kwa mfano, hutolewa bure kwa Windows na Mac, na inafaa sana kukata mlio wa jenereta bila kula sauti ya mtu. ReaPlugs za Windows pia ni za bure.

Vijana hao hao wana kosa lingine, la upande wa pili: wengine wanasema kutumia plagini ya Windows ndani ya Linux ni usaliti. Huo ni ubishi wa watu wenye umeme saa ishirini na nne. Ni kweli kwamba kazi nyingi za redio hazihitaji daraja kabisa. Audacity ina kipunguza kelele chake. Plagini za LSP, x42 na Calf ni za Linux tangu kuzaliwa. Ile inayotumia RNNoise, iliyofunzwa kutenga sauti ya mtu na kelele, ipo pia kwa Linux. Fundi aanze na hizo. Lakini kama sikio lake limezoea plagini moja ya Windows kwa miaka sita, na ndiyo inayomzuia kuhama, aachiwe.

Daraja lina siku zake mbaya pia. Toleo la 9.22 la Wine, lililotoka Novemba 2024, lilivuruga madirisha ya plagini zinazopita kwenye yabridge: unabonyeza hapa, kompyuta inasikia kwingine. Waliobaki kwenye 9.21 hawakupata shida hiyo. Kwa hiyo fundi mwenye akili hasasishi Wine saa moja kabla ya taarifa ya habari, na toleo linalofanya kazi analifunga lisibadilike lenyewe.

Wakuu wanalalamika pia kuhusu mega, na hapo hawadanganyi: kupakua Linux nzima kunakula gigabaiti kadhaa. Lakini anayepakua mara moja anaweza kuwapa redio kumi kwa flash moja, na kwa mara ya kwanza kunakili huko ni halali. Mashirika yanayolipia hoteli na kahawa za mafunzo ya siku tatu yangeweza kubeba flash hizo. Badala yake mkufunzi anakuja na kompyuta yake nzuri, anaonyesha programu ya majaribio ya siku thelathini, anapiga picha ya pamoja, anaondoka. Siku ya thelathini na moja redio inarudi kwa kijana wa mtaani.

Tangu kambi za pembeni ya Goma zilipovunjwa Februari 2025, familia nyingi zimetawanyika tena, na si kila mmoja ana simu. Tangazo la redio limebaki njia kubwa ya kutafutana. Redio inayotaka kuanza iache kwanza kompyuta ya hewani, ichukue ile ya kuhariri, ijaribu juma mbili. Na kabla ya kugusa chochote, rekodi zote za wanaotafuta ndugu zinakiliwe kwenye diski nyingine, maana baadhi ya waliozisema wamekwisha hama tena na hakuna anayejua pa kuwapata wazirudie.