Mzazi, huo si mchezo wa taa

Msomaji mpenzi, iwapo mwanao wa sekondari atakuomba pesa za kununua ubao mdogo uitwao Arduino, usikimbilie kumfokea kwamba anataka kuchezea taa. Likizo ni ndefu, na kijana asiye na kazi hujitafutia. Afadhali hii.

Ubao huo ulibuniwa mjini Ivrea, Italia, mwaka wa 2005. Ndani yake mna maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo isiyo na skrini, ambayo kazi yake ni kupokea amri na kuitekeleza. Mwanafunzi huuunganisha na kompyuta kwa waya wa USB. Akiandika nambari, taa ya LED huongeza au hupunguza mwangaza.

Wengi hudhani taa hiyo hufifia kwa sababu umeme umepunguzwa, kama maji ya mfereji. Sivyo! Pini nambari 9 ya Arduino Uno hutoa volti 5 au sifuri, basi. Huiwasha na kuizima taa takriban mara 490 kwa sekunde, kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Nambari 0 ni giza, 255 ni kuwaka muda wote, nayo 127 ni kuwaka karibu nusu ya muda. Kadiri muda wa kuzima unavyozidi, ndivyo tunavyoona taa ikififia.

Nawe mwanafunzi, unganisha pini 9 na rizista ya omu 220, rizista na mguu mrefu wa LED, na mguu mfupi na GND. Rizista usiiache. Bila hiyo umeme hupita kupita kiasi, na unaweza kuiunguza LED au hata pini yenyewe.

Katika programu, Serial.parseInt husoma nambari uliyoandika na analogWrite huipeleka kwenye pini. Kasi ya mawasiliano iwe 9600 pande zote mbili. Ukiona taa imewaka kisha ikazimika yenyewe baada ya sekunde moja, usilaumu waya. Kompyuta imetuma pia alama ya mwisho wa mstari, ubao ukasubiri nambari nyingine, ikakosekana, ukahesabu sifuri. Katika dirisha la kuandikia, chagua alama hiyo isitumwe.

Hata hivyo, mzazi, weka sheria moja nyumbani. Majaribio haya yaishie kwenye volti 5 za USB. Umeme wa ukutani, wa volti 240, huua, na haufai kuguswa na mwanafunzi anayejifunza.

Akimaliza, keti naye. Mwambie aandike 20, kisha 200, halafu akueleze ni kwa nini taa imebadilika ilhali volti ni zile zile 5. Akikujibu sawasawa, pesa zako hazikupotea.