Kadi Tunayo, Dawa Hatuna

Sisi wakazi wa Kilwa Masoko na vijiji vya jirani hatukatai kulipia bima. Kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa tulikata, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6. Sasa kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023. Sawa. Tukilipa tena, dirishani tutapewa dawa au karatasi?

Maana karatasi tumezizoea. Mama anafika zahanati asubuhi, mtoto mgongoni anachemka, daftari mkononi. Anapimwa malaria, na hapo hatuna neno: kipimo kipo, mhudumu anajitahidi. Shida iko dirishani. "Hii ipo, hizi mbili kanunue nje." Nje ni duka la dawa, na dukani hawataki kadi, wanataka hela. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka 5 atibiwe bure. Inasema hivyohivyo kwa mjamzito, naye anaambiwa aje na glavu, pamba, wembe na mpira wa kutandika. Mumewe mvuvi, bahari imechafuka wiki nzima, avitoe wapi?

Majengo yameongezeka, tunakiri. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa 2007 uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na wanavijiji wakasomba mawe na mchanga kwa nguvu zao. Lakini zahanati yenye mhudumu mmoja, akiitwa semina, mlango unafungwa.

Rufaa nayo ni safari. Hospitali ya wilaya, Kinyonga, iko Kilwa Kivinje. Ya mkoa, Sokoine, iko Lindi mjini. Namba 115 ya mpango wa m-mama inawasafirisha wajawazito wa dharura, tunaishukuru kwa dhati. Lakini wenzetu wa Songo Songo, kisiwa kinachoipa nchi gesi tangu 2004, bado upepo wa kusi ukivuma wanaomba bahari itulie ndipo mgonjwa avushwe. Na Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilipokatika Somanga, tuliona wote jinsi njia fupi ya kwenda hospitali ya taifa, Muhimbili, ilivyo moja tu.

Wakubwa, kabla ya kutuandikisha upya, tunataka hili: shehena ya dawa ikifika zahanati, kamati yetu ya afya iihesabu mbele ya wanakijiji, na orodha ibandikwe ukutani, dawa gani, kiasi gani, imefika lini. Ikiisha kabla ya wakati, tuambiwe imekwenda wapi.