Usingoje masikio, mpe mwanao lugha

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii kila mzazi wa mara ya kwanza huielewa usiku ule ule anaporudi nyumbani kutoka hospitali ya uzazi. Lakini wapo wazazi ambao huielewa kwa namna ya pekee. Hawa ni wale ambao, wakiwa bado wanajifunza kumwogesha mtoto na kumcheulisha, huambiwa kwamba malaika wao hasikii.

Ikiwa wewe ni mmoja wao, mpenzi msomaji, makala ya leo ni yako. Na ikiwa si wewe, isome vilevile, kwani huenda kesho ukawa nyanya, shangazi au jirani wa ploti moja na mtoto kama huyo. Uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba zaidi ya watoto tisa kati ya kila kumi walio viziwi wana wazazi wanaosikia. Maana yake ni kwamba, mara nyingi, kiziwi wa kwanza ambaye mzazi anamfahamu kwa karibu maishani mwake ni mtoto wake mwenyewe.

Mzazi wa aina hii hupokea mashauri kutoka kila upande. Huyu atakwambia umpeleke mtoto kwa mganga mashuhuri. Yule atakutajia mhubiri ambaye maombi yake huzibua masikio. Na wa tatu, pengine mama mkwe mwenyewe, atakutuliza kwa kukuambia, "Ngoja tu mwanangu, hata babake alichelewa kuongea."

Neno la hatari hapa ni hilo "ngoja". Ngoja ngoja huumiza matumbo, wasema wahenga, na kwa mtoto asiyesikia huumiza jambo kubwa kuliko tumbo. Miaka mitatu ya kwanza ndiyo miaka ambayo ubongo wa mtoto huwa mwepesi zaidi kupokea lugha. Lugha hiyo ikikosa kuingia kupitia masikio, na isitafutiwe mlango mwingine, mtoto hukua bila lugha yoyote. Hawezi kusema kwamba tumbo linamuuma wala kuuliza baba ameenda wapi. Haelewi kwamba mama aliyefunga mlango atarudi jioni. Si ajabu kwa mwalimu wa shule ya viziwi hapa nchini kumpokea mtoto wa miaka sita au saba ambaye hajui hata kwamba yeye ana jina.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, shika jambo hili moja hata ukisahau mengine yote: masikio yanaweza kungoja daktari, lakini lugha haiwezi kungoja.

Hatua ya kwanza ni kujua mapema. Mtoto mchanga anayesikia hushtuka kukiwa na kishindo. Afikapo miezi minne hutulia akisikia sauti ya mama, na akiwa na miezi sita hivi hugeuza kichwa kutafuta mlio unatoka wapi. Mtoto wako asipofanya hivyo, usijaribu kumpima mwenyewe kwa kubamiza mlango au kuangusha sufuria. Mtoto kiziwi anaweza kuhisi mtikisiko wa sakafu au kuona kivuli cha mkono wako akageuka, nawe ukalala usingizi mnono ukidhani kila kitu ki shwari. Aidha, usidanganywe na sauti anazotoa. Watoto viziwi pia hulia, hucheka na kuguguna katika miezi ya kwanza kama wenzao. Ni baadaye, katika nusu ya pili ya mwaka, ndipo sauti hizo huanza kupungua badala ya kuongezeka.

Dawa ni kumpeleka hospitalini akapimwe. Kuna kipimo ambacho kifaa kidogo huwekwa sikioni mwa mtoto aliyelala, na kingine ambacho hupima jinsi neva na ubongo vinavyopokea mlio. Havimuumizi wala havihitaji mtoto ajibu chochote. Wataalamu wa mataifa mengi hupendekeza mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Hapa Kenya si kila hospitali ya uzazi inayopima masikio kabla ya kumruhusu mama kwenda nyumbani, kwa hiyo usione haya kumuuliza muuguzi. Uliza hasa ikiwa mtoto alizaliwa kabla ya wakati, alipata manjano makali, alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au aliugua homa ya uti wa mgongo.

Miezi hiyo 6 haikutajwa ovyo. Mnamo mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake, katika jimbo la Colorado, Marekani, walichapisha utafiti uliolinganisha watoto waliogunduliwa kuwa na tatizo la kusikia kabla ya miezi 6 na waliogunduliwa baadaye. Wale wa mapema walikuwa mbele kwa lugha, na tofauti hiyo ilionekana iwe wazazi wao walitumia ishara au usemi wa mdomo.

Hatua ya pili ni kuzima moto wa lawama. Katika nyumba nyingi habari hizi zikifika, huanza kuulizwa ni nani aliyeleta balaa hili. Mara nyingi mama ndiye anayebebeshwa mzigo, eti alifanya jambo fulani akiwa mjamzito, au ukoo wao una laana. La hasha! Uziwi una sababu nyingi zinazojulikana. Rubela humpata mama akiwa na mimba, ndiyo sababu Kenya iliingiza chanjo ya surua na rubela mwaka 2016. Homa ya uti wa mgongo huharibu masikio, na vivyo hivyo baadhi ya dawa kali. Mara nyingine ni urithi, na hapa sikiza vizuri: baba anayesikia na mama anayesikia wanaweza kila mmoja kubeba chembe ile ile ya urithi iliyojificha bila wao kujua, na mtoto akazaliwa kiziwi kwa kuipata kutoka pande zote mbili. Ukitaka kulaumu ukoo, basi itabidi ulaumu koo mbili. Hujafa hujaumbika, kwa hivyo heri nguvu hizo zitumike katika malezi.

Na malezi yenyewe huanzia katika mambo madogo ya nyumbani. Mtoto anayesikia hulia, na mama akiwa jikoni akiita "Nakuja, mama, nakuja," hutulia. Mtoto kiziwi hasikii mwito huo. Kwake yeye, mtu asiyeonekana hayupo. Kwa hiyo weka kitanda chake mahali anapoweza kuuona mlango na uso wako. Usiku acha taa ndogo ikiwaka, na uwe na tochi karibu kwa ajili ya zile siku stima inapopotea bila hodi. Kabla ya kumwinua, mguse kwanza bega au mguu ili asishtuke. Ukimbeba mgongoni kwa leso kutwa nzima, kumbuka kwamba anaona kisogo tu, kwa hivyo mlete mbele mara kwa mara akuone ukimchekea.

Fauka ya hayo, jifunze kungojea macho yake. Kwa mtoto wa kawaida unaweza kumwonyesha paka huku ukisema "paka". Mtoto kiziwi hawezi kumtazama paka na kuitazama mikono yako kwa wakati mmoja. Mwache amtazame paka, kisha akikugeukia, mpe ishara ya paka. Au fanya ishara hiyo karibu na paka mwenyewe, ndani ya upeo wa macho ya mtoto. Rudia asubuhi, mchana na jioni: maziwa, uji, kuoga, kulala, baba amekuja, imekwisha. Usikome kumsemesha kwa mdomo pia, kwani uso unaosema huwa na uhai, naye hupenda kuusoma. Ukimwimbia, mweke kifuani ahisi mtikisiko.

Utashangaa kuona mikono yake midogo ikikujibu. Mwaka 1991, Laura-Ann Petitto na Paula Marentette, waliokuwa watafiti nchini Kanada, walieleza katika jarida la Science kwamba watoto viziwi waliozoea kuona lugha ya ishara nyumbani huguguna kwa mikono, kama vile watoto wanaosikia wanavyoguguna kwa mdomo kwa "ba-ba-ba" na "ma-ma-ma". Ubongo, basi, haujali sana kama lugha inapitia masikioni au machoni, mradi iwe lugha na ifike mapema.

Utaniuliza, "Ishara hizo nitazitoa wapi, nami sijui hata moja?" Swali zuri. Kenya ina lugha yake ya ishara, yenye msamiati na sarufi yake, wala si Kiswahili kilichofanyiwa vitendo vya mikono. Shule za kwanza za viziwi nchini, kama zile za Mumias na Nyang'oma, zilifunguliwa mwaka 1961. Zamani mkazo ulikuwa kumfunza mtoto kutamka na kusoma midomo, lakini wanafunzi wenyewe, mabwenini na viwanjani, waliendelea kuzungumza kwa mikono na kuikuza lugha yao. Leo lugha hiyo inatambuliwa na Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 7 kinaitaka serikali iikuze, na kifungu cha 120 kinaitaja pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Lugha inayoruhusiwa Bungeni haiwezi kuwa aibu sebuleni kwako.

Anza na Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iliyoko Kasarani jijini Nairobi tangu miaka ya themanini, ambako watoto hukaguliwa na wazazi kushauriwa. Walio mbali na jiji watafute kituo cha EARC kilicho karibu nao. Vituo hivi vya ukaguzi vilianza mwaka 1984 na huwa chini ya wizara ya elimu. Msajili mtoto pia kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Lakini mwalimu bora kuliko wote ni kiziwi mtu mzima. Mtafute fundi cherehani, mwalimu au mwanafunzi wa chuo aliye kiziwi, umkaribishe nyumbani chai ya jioni. Mtoto wako atapata mtu wa kumwiga, nawe utapata kuona kwa macho yako kwamba kiziwi hukua akafanya kazi, akaoa au kuolewa, akalea watoto wake.

Na usijifunze peke yako. Mama akijua ishara na baba asijue, mtoto huwa na mzazi mmoja na mgeni mmoja nyumbani. Baba, yaya, nyanya na ndugu zake wote wajifunze, hata kama ni ishara tatu kwa juma.

Je, vifaa vya kusikilizia? Naam, daktari akivipendekeza, vitafute. Lakini jua kwamba havifanyi sikio kuwa jipya. Hukuza sauti tu, na manufaa yake hutegemea masikio yamebakiwa na nguvu kiasi gani. Masikio ya mtoto hukua haraka, kwa hiyo kile kipande kinachokaa ndani ya sikio huhitaji kubadilishwa mara kwa mara, la sivyo kifaa huanza kupiga mluzi. Upo pia upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya sikio. Huo ni ghali, na baada yake huja miaka ya mazoezi kabla mtoto hajaelewa anachosikia. Wako wanaohofia kwamba ishara zitamfanya mtoto awe mvivu wa kusema. Hofu hiyo haina msingi. Mtoto mwenye lugha ya mikono anayo tayari nyumba ya maneno, na usemi ukija utakuta pa kukaa. Asiye na lugha yoyote ndiye wa kuhofiwa.

Mwisho, chunga ulimi wako na wa majirani. Usikubali mwanao aitwe "bubu". Bubu ni mtu asiyeweza kusema, ilhali huyu ataongea kwa mikono hadi umwombe anyamaze ulale. Yeye ni kiziwi, na neno hilo si tusi. Wala usimfiche chumbani wageni wakija. Mtoto anayefichwa hujua anafichwa, na hilo halihitaji masikio.

Mzazi mwenzangu, ikiwa mtoto wako sasa ana miezi mitano au kumi, hujachelewa. Ikiwa ana miaka mitatu, anza leo hii. Udongo uwahi ungali maji. Huenda isiwe "mama" ya mdomo uliyokuwa ukiiota ulipokuwa na mimba, lakini siku moja mtoto atakuangalia machoni, atainua mkono wake na kukuita. Uwe tayari kuitika.